Uzi maalumu: Kuvua stajeni kwa kayaki mdomoni mwa Mto Columbia, msimu wa siku chache

Nahodha wa Kafi (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Kila ikikaribia Mei naulizwa PM swali lile lile na Waswahili wa Portland, Salem na Vancouver ya ng'ambo ya mto: kayaki inafaa kumvulia stajeni kule Astoria, mji wa mdomoni mwa mto, au mpaka mtu awe na boti ya injini? Naomba nijibu hapa mara moja ili kila mwenye nia asome. Inafaa sana, kwa sharti moja: uwe umeimudu nanga kwenye maji yanayokwenda. Stajeni wa kipimo halali hawezi kukuua. Nanga iliyofungwa vibaya inaweza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzi huu ni nanga, na wenye haraka ya kujua chambo mnivumilie.

Kwanza samaki mwenyewe, maana wengi humu hamjamwona. Huyu ni stajeni mweupe, samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi Amerika Kaskazini. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, na wa mita tatu bado wamo mtoni. Hana magamba kama sato. Ana mistari mitano ya mabamba ya mfupa kutoka kichwani hadi mkiani, na kwa wadogo mabamba yale yana ncha zinazochana mkono vizuri tu. Chini ya pua ana ndevu nne anazopapasia tope. Mdomo hauna meno, umekaa upande wa chini wa kichwa, nao huchomoza nje akafyonza chakula. Mkia wake ni wa papa, na mifupa ya ndani karibu yote ni gegedu. Mwenye watoto awapeleke kituo cha kuzalishia samaki cha Bonneville, mashariki ya Portland. Yuko mmoja pale anaitwa Herman, ana kama mita tatu, wanamtazama kupitia kioo. Mtoto akishamwona yule hahitaji kuelezwa kwa nini baba anadamka usiku.

Sasa msimu. Kutoka Wauna, pale nyaya kubwa za umeme zinapovuka mto, kushuka hadi baharini, idara za samaki za Oregon na Washington hukaa pamoja, hukadiria samaki waliopo, hupanga mgao, kisha, wakiona mgao upo, hufungua siku chache za kuchukua samaki nyumbani. Miaka ambayo umefunguliwa, mara nyingi umekuwa Mei na mwanzoni mwa Juni, siku chache tu za wiki, na siku hizo mwisho ni saa nane mchana. Ikipita saa nane hata wa kumwachia humvui. Kipimo kimekuwa inchi 44 hadi 50, yaani sentimita 112 hadi 127, kutoka ncha ya pua hadi panapogawanyika mkia, si hadi ncha ya mkia. Mmoja kwa siku, wawili kwa mwaka. Chini ya kipimo anarudi, juu ya kipimo anarudi. Yuko pia stajeni wa kijani, huyo hachukuliwi kabisa hata akikaa sawa na kipimo. Na mgao ukijaa wanafunga katikati ya msimu, kwa hiyo soma tangazo la idara usiku wa kuamkia safari, wala usitegemee nilichoandika mimi wala alichokwambia jirani.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mtu ana siku chache, ameomba ruhusa kazini, ameendesha gari saa mbili kutoka Portland, anafika anakuta upepo unapiga kinyume cha maji. Mwenye boti kubwa anasita. Wa kayaki anasema leo ndiyo leo. Ndugu zangu, siku zikiwa chache zisikusukume majini. Pale mto unakutana na Pasifiki kwenye mlango ambao mabaharia wanauita Makaburi ya Pasifiki, na meli zilizopotea eneo lile zinahesabiwa kwa maelfu. Maji ya Mei ni baridi, nyuzi 12 au 14 hivi. Ukitumbukia na fulana na jinzi, pumzi inakatika kabla hujajua kafi limeelekea wapi, na dakika chache baadaye vidole havishiki kamba.

Kuhusu mahali, wa kayaki hana kazi kwenye njia ya meli. Njia ile imechimbwa mita 13, meli za nafaka na magari zinapita mchana na usiku, haziwezi kusimama kwa ajili yako wala kukukwepa. Bahati yetu ni kwamba stajeni wa estuari (mdomo wa mto) hupanda kulisha kwenye kingo na matandazo ya mchanga na tope, kina cha mita tatu hadi sita, hasa maji yakianza kupwa. Huko boti kubwa hawapendi kukaa kwa kuogopa kukwama. Upande wa Oregon wengi wa kayaki huteremkia mtoni John Day, mashariki ya Astoria (si ule John Day mkubwa wa bara), halafu wanajitandaza pembezoni kuelekea Tongue Point. Tazama jedwali la maji kupwa na kujaa kama unavyotazama saa. Toka maji yakiwa yamesimama, yakukute ukingoni yakianza kupwa, na yawe upande wako wakati wa kurudi. Kupwa kwa Mei kunabeba na maji ya theluji iliyoyeyuka milimani, kwa hiyo mkondo wake unazidi ule unaoukuta Agosti.

Nanga sasa. Someni pole pole.

Kayaki ikining'inia kwenye nanga kwa ubavu, mkondo unaukanyaga ule ukingo unaotazama juu ya mto, maji yanapanda, na umepinduka kabla hujamaliza bismillahi. Kamba ya nanga ni lazima ivute kutoka omo (mbele) au kutoka tezi (nyuma). Lakini wewe umekaa katikati, mkono haufiki huko. Suluhisho ni kapi mbili (vigurudumu vya kupitishia kamba), moja omo na moja tezi, na kamba iliyozungushwa kati yake ubavuni kama kamba ya kuanikia nguo ya ghorofani. Kwenye kamba hiyo kuna pete. Ukiwa umekaa unapitisha kamba ya nanga kwenye pete, unavuta kamba ya kapi mpaka pete ifike omo kabisa, ndipo unateremsha nanga. Kayaki inageuka yenyewe, pua kwenye mkondo, inatulia. Kati ya kushusha nanga na pete kufika omo ndiyo dakika mbaya kuliko zote, kwa hiyo peleka pete omo kwanza, kisha achia kamba kidogo kidogo. Usishushe nanga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu.

Nanga ya kilo moja na nusu hadi mbili inatosha, na mnyororo wa mita moja au mbili. Kamba mita 30, hata kama kina ni mita tano, kwa sababu kamba fupi inaing'oa nanga na kuivuta omo chini. Mnyororo usiufunge juu ya mpini wa nanga. Ufunge kitakoni, kisha juu ya mpini ushikize kwa kibano cha plastiki kile cha kufungia nyaya za umeme. Nanga ikinasa kwenye gogo, nayo magogo pale ni mengi, unavuta kwa nguvu, kibano kinakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Mwisho wa kamba weka boya na kibanio cha kuachia kwa mkono mmoja. Samaki mkubwa akishika, au gogo likija juu ya maji limekuelekea, unaachia, boya linabaki na nanga, wewe unaelea bure. Kisu kiwe kifuani, si kwenye begi. Kamba ikigoma kuachia, unakata. Nanga nyingine inauzwa dukani.

Vifaa vingine kwa ufupi. Jaketi okozi limevaliwa na kufungwa, filimbi, suti isiyopitisha maji yenye mpira shingoni na mikononi, redio ndogo ya VHF (ya mawasiliano ya majini) kwenye chaneli 16, ile ya dharura. Fimbo fupi ngumu, mshipi wa kusukwa wa ratili 50 au 60, chubwi (risasi ya kuzamisha chambo) la kuteleza la gramu 150 hadi 300 kulingana na mkondo. Kigwe cha kufungia ndoana kiwe cha kusukwa pia, kinene, maana mabamba ya samaki yanakata nailoni. Ndoana ni moja, isiyo na kijino cha kuzuia. Hiyo ni sheria.

Chambo ni kamba wadogo wa mchangani na anchovi, ndugu yake dagaa mcheli wetu. Ngisi pia. Mfunge kwa uzi unaovutika, kaa wa pale ni wezi.

Anavyouma: ncha ya fimbo inatikisika mara mbili, inatulia. Usiguse. Inatikisika tena, halafu inainama na kubaki imeinama. Hapo ndipo unainua. Akijua amenaswa anaweza kuruka mwili wote nje ya maji, samaki mrefu kuliko mwanao wa darasa la kwanza, na mpigo wa kuanguka kwake unaulowesha uso. Fimbo iwe juu ya omo muda wote, usimruhusu akuvutie ubavuni. Akitaka kwenda, mwache aende nawe. Kayaki inaburutwa, na kuburutwa kwenyewe ndiko kunakomchosha.

Mpime akiwa majini, ubavuni, kwa ubao wenye alama mbili tu, 44 na 50. Kama ni mkubwa kupita kipimo ni marufuku kumtoa majini, hata kwa picha. Mshike mkia pua ikitazama mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Kama ni halali, wavu mkubwa kichwa kwanza, kisha mara moja mwandike kwenye kadi yako ya samaki au kwenye simu kabla hujafanya lolote jingine. Mkate matamvua atoke damu, mlaze tezini kwenye gunia lililoloana. Usimning'inize majini kwa kamba, simba bahari watamaliza kazi.

Karibuni kwa maswali.

Bint Tanga

Nimekaa hapa hapa sibanduki. Kaka, kayaki ya aina gani? Mimi ninayo ile ya kuingiza miguu ndani, nyembamba, naipenda kwa mbio zake.

Nahodha wa Kafi

Dada yangu, hiyo ibaki kwa matembezi. Kwa kazi hii tafuta ya kukaa juu, yenye matundu ya kutolea maji, upana usiopungua sentimita 80, urefu mita tatu na nusu au nne. Ukipinduka unapanda tena, haijai maji. Na kupanda tena ukuzoee kwanza, ukiwa na ile suti, mahali penye kina, kabla ya kufikiria samaki. Kitu kingine: Oregon kayaki ya urefu huo inataka kibali cha maji hata kama haina injini. Ni cha bei ndogo, kinapatikana mtandaoni.

Kichwa Ngumu

Mimi naona serikali inabana wananchi bure. Mto mkubwa vile, samaki wamejaa, unapewa siku chache na wawili kwa mwaka! Wiki iliyopita jamaa zangu wamewakamata na kuwaachia hadi mikono inauma. Wakiwa wengi hivyo kwa nini tusile?

Nahodha wa Kafi

Mkuu, uchungu wako naujua, lakini hesabu ya samaki huyu si hesabu ya dagaa. Jike wa stajeni hazai kabla ya miaka 15 au 20, wengine inapita 25. Akishazaa anakaa miaka kadhaa ndipo azae tena. Ukimmaliza leo, aliyezaliwa leo atakuja kuzaa wewe una wajukuu.

Na jambo hili halikubuniwa ofisini, lilishatokea mto huu huu. Mwishoni mwa karne ya 19 waligundua nyama yake inauzika na mayai yake ni dhahabu. Mwaka 1892 zilitolewa ratili milioni tano na nusu, karibu tani 2,500. Kufika 1899 hazikufika hata tani 50. Miaka saba tu! Mto ukabaki mtupu kwa nusu karne. Kilichowarudisha ni sheria ya 1950 iliyokataza kuchukua aliyezidi futi sita, yaani walilindwa wazazi. Vipimo vya leo ni watoto wa sheria ile.

Wale wanaoumiza mikono ya jamaa zako wengi ni wa chini ya kipimo. Wanaofikia inchi 44 hadi 50 ni kundi dogo, na ndilo linalohesabiwa kila mwaka. Lilipungua hadi wakafunga kabisa kuchukua samaki sehemu yote ya chini ya bwawa la Bonneville, kuanzia 2014 mpaka walipofungua tena 2017. Mimi nilikuwa navua na kuachia miaka hiyo na siku zangu sikuziona zimepotea.

Kichwa Ngumu

Nimekuelewa kwenye uzazi. Lakini mbona kuna wanaovua kwa nyavu huko juu, na sisi tunabanwa na inchi?

Nahodha wa Kafi

Ukimaanisha juu ya Bonneville, pale yapo makabila manne yenye mikataba ya 1855: Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce. Wao haki yao ya kuvua hawakupewa na mtu, walikuwa nayo kabla ya Oregon kuwa jimbo, wakaibakiza kwenye mkataba walipoachia ardhi. Nao wana mgao, na wana wataalamu wao wa samaki wanaofanya kazi ya kuwarudisha stajeni. Naomba tusiwanyooshee kidole. Kilichokata mto vipande vipande ni mabwawa ya umeme, samaki wa juu hashuki kirahisi na wa chini hapandi.

Na kwa faida ya wote, chini kidogo ya bwawa hilo hilo kuna kipande kinafungwa kuvuliwa stajeni kuanzia Mei mosi hadi mwisho wa Agosti, kwa sababu ndiko wanakotaga. Hata kumvua na kumwachia hairuhusiwi.

Mpemba Mkavu

Assalaam alaykum. Nimesoma mambo ya nanga kwa makini, maana mimi ni mtu wa ngalawa. Nakubaliana na omo, lakini nina shaka na kutia nanga chombo chembamba kwenye maji ya kupwa hata kidogo. Kwetu mkondo ukiwa mkali tunaondoka, hatushindani nao. Kwa nini asivue kwa kuelea tu, au akae ufukweni na fimbo ndefu?

Nahodha wa Kafi

Wa alaykum salaam, sheikh. Hoja yako ina uzito na sitaki mtu aipite. Kuelea haifai kwa samaki huyu kwa sababu chambo lazima kilale chini kimetulia. Anakuja kwa harufu, pole pole, akitokea upande wa chini wa mkondo. Chambo kinachoburuzwa hakioni. Ufukweni ni njia nzuri kabisa, na kwa mtu wa mwaka wa kwanza ndiyo ningemshauri. Wapo wanaopata samaki wao kila msimu bila kulowesha magoti.

Lakini kwa anayetaka kayaki, kipimo changu ni hiki: kamba ya nanga ikianza kuvuma na kutetemeka mkononi, na maji yakianza kutoa povu pande mbili za omo, naondoka. Sisubiri samaki anayegonga. Kwenye kingo nilizozitaja unapata saa mbili au tatu za kupwa kabla hali hiyo haijafika. Na mchana upepo wa magharibi huamka, unapiga uso kwa uso na maji yanayotoka, mawimbi yanasimama wima. Mpaka saa hiyo mimi niko kwenye gari, na hii saa nane yao kwangu haijawahi kuwa tatizo.

Mpemba Mkavu

Hapo nimeridhika. Kamba kuvuma ndiyo dalili yenyewe, hata kwetu. Mwenye kuisikia akaipuuza asimlaumu mtu.

Mzee wa Wisconsin

Vijana hamjambo. Naongeza kidogo kutoka huku. Sisi tuna stajeni wa ziwa, ndugu yake huyo wenu, na msimu wetu wa mitoni kwa fimbo ni Septemba tu: Jumamosi ya kwanza ya mwezi hadi tarehe 30. Unanunua lebo ya kumfunga samaki kabla, samaki mmoja kwa msimu mzima, naye asiwe chini ya inchi 60. Kwa hiyo sheria yetu ni kinyume na yenu, sisi tunachukua mkubwa. Ukimpata unampeleka kituoni asajiliwe.

Kwa kayaki huku ni rahisi zaidi kwa sababu mito yetu haina bahari mwishoni. Kwenye Mto Wisconsin na Chippewa tunatafuta mashimo ya kina kwenye kona za mto, jioni na usiku, chambo ni furushi la minyoo. Ila usiku weka taa nyeupe mahali pa kuonekana. Na Februari kuna wale wa Ziwa Winnebago wanaomchoma kwa mkuki kupitia tundu kwenye barafu, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Nahodha wa Kafi

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kuja, nilikuwa natamani mtu wa Maziwa Makuu ya huku Marekani aseme neno. Hiyo inchi 60 inaeleweka mkikumbuka ni mmoja mmoja kwa lebo.

Mzee wa Wisconsin

Marhaba. Na wengi tunanunua lebo na kumaliza Septemba hatujachukua kitu, tumefurahi.

MwanaKalemie

Ndugu, asante kwa uzi. Mie niko Portland, nimekulia Kalemie, tulikuwa tunatoka usiku na taa kutafuta ndagala na migebuka, maji nayajua. Nauliza vibali. Nilipofika nilidhani leseni moja inatosha kila kitu.

Nahodha wa Kafi

Karibu sana ndugu. Upande wa Oregon unahitaji vitatu: leseni ya uvuvi ya mwaka, kadi ya samaki wa pamoja (samoni, stajeni na halibuti wanaandikwa humo), na nyongeza ya bonde la Columbia. Ukishaishi Oregon miezi sita unalipa bei ya mkazi, tofauti yake na ya mgeni ni kubwa. Ukiwa ndani ya chombo kwenye Columbia yenyewe, leseni ya Oregon au ya Washington zote zinakubalika, ilimradi unafuata sheria za mto. Askari wa samaki wanapita kwa boti, wanauliza kwa adabu. Mwonyeshe kadi, mwonyeshe ndoana, mnaagana.

Ujuzi wako wa Tanganyika utakufaa kwenye kusoma upepo. Usichokizoea ni maji yanayogeuka mwelekeo mara nne kwa siku, kwa hiyo jedwali lile lishike.

Mama Nyaboke

Samahani, mimi ni Msabato. Mume wangu amesoma uzi huu na sasa anatafuta kayaki. Huyo samaki ana magamba au hana? Umesema hana kama ya sato, halafu ukasema ana mabamba.

Nahodha wa Kafi

Mama, nakwambia ninachokiona kwa macho. Ngozi yake ni tupu na ngumu, haina magamba yanayopandana unayoweza kuyapaa kwa kisu. Ana ile mistari mitano ya mabamba ya mfupa yaliyoshikamana na ngozi, hayatoki bila kukata nyama. Mapezi anayo. Kwa ninavyowafahamu Wasabato wenzangu wa kazini, wengi wanamhesabu pamoja na kambare na hawali. Uamuzi ni wa nyumba yako. Baba anaweza kuvua na kuachia, raha ya kumvua haimo kwenye sufuria.

Bint Tanga

Na kwa sisi Waislamu wa Kishafii hakuna neno, samaki ni samaki. Haya, tuambieni anapikwaje. Mimi nawaza kupaka tu.

Nahodha wa Kafi

Kupaka ndiko kwenyewe! Nyama yake ni nyeupe, imekaza, haivunjiki kwenye makaa. Lakini kabla ya jiko kuna kazi mbili. Hana uti wa mgongo wa mfupa, ana kamba laini ndefu ndani ya mgongo. Kata duara karibu na mkia bila kuikata ile kamba, vunja mkia, uzungushe na kuvuta taratibu, itatoka yote nzima. Ya pili: ukishamchuna ngozi utaona tabaka la nyama nyekundu na mafuta ya njano chini yake. Viondoe vyote. Anayeviacha ndiye anayesema stajeni ananuka tope. Vipande vinene vya nyama nyeupe, chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, alale usiku mmoja, kisha makaa na tui zito juu yake.

Wa kipimo halali kwa kawaida hana mayai, ni mdogo mno. Ukisikia mtu anauza mayai au nyama ya stajeni aliyevuliwa kwa leseni ya burudani, kaa mbali, ni kosa la jinai na watu wameshafungwa kwa biashara hiyo.

MwanaKalemie

Mie nimeshaamua. Nanga na kapi nitajifunzia wapi kabla ya msimu? Siwezi kwenda Astoria kujaribu.

Nahodha wa Kafi

Uamuzi mzuri. Multnomah Channel, mkono wa mto pembeni mwa Kisiwa cha Sauvie, karibu na Portland. Mkondo upo lakini mpole, na kingo ziko karibu. Fanya hivi: peleka pete omo, tia nanga, kaa robo saa, rudisha, ng'oa. Kisha achia boya na ulirudie kwa kafi dhidi ya mkondo, maana siku ya samaki utalazimika. Mwisho jipindue kwa makusudi ukiwa na mtu pembeni. Rudia mpaka mikono ifanye bila kuiambia. Niandikie PM, Jumamosi za Aprili huwa niko pale asubuhi na wenzangu. Njoo na jaketi lako na suti, kapi na nanga ya ziada ninayo kwenye gari.